Kabla hujaingia gizani

Wenzangu wa Malindi, naona siku hizi vijana wanapenda kuingia mapango ya mawe ya matumbawe upande wa Watamu na taa ya simu tu. Jamani! Ile taa humaliza chaji, na simu ikizima huna mwanga wala huna wa kumpigia. Beba tochi mbili, moja uivae kichwani ili mikono ibaki huru, na betri za akiba. Ndara ziache nyumbani, mawe yetu yana makali kama wembe.

Ila kinachonitia hofu zaidi ni popo. Mavi yao makavu yakitimka, vumbi lake laweza kubeba kuvu wa kuumiza mapafu, kwa hiyo vaa barakoa na usichokoe chini. Mwaka 1980 na 1987 watu wawili waliofariki kwa Marburg, ugonjwa hatari wa virusi vinavyobebwa na popo, walikuwa wamezuru pango la Kitum, Mlima Elgon. Pango likiwa limejaa popo, mimi huchungulia mlangoni nikarudi zangu.

Shemeji yangu yuko California, alikwenda kutembea handaki kuukuu la reli pale Donner, huko milimani, lililopasuliwa na vibarua wa Kichina miaka ya 1860, treni zikaliacha 1993. Huko shida ni barafu sakafuni hata baridi ikishapungua. Sisi barafu tunaijua kwenye maji ya ukwaju tu, lakini tochi mbili alibeba.

Na mwambie mtu wa nyumbani saa utakayorudi.