Jinsi ya kumfuatilia mchezaji wa besiboli wa zamani aliyerukaruka ligi

Ukifungua rekodi ya mchezaji wa besiboli wa Marekani wa miaka ya 1880 au 1890 unakuta mambo ya ajabu, mwaka mmoja timu tatu, mji ule ule lakini ligi nyingine, na ligi zenyewe hujawahi hata kuzisikia, unabaki unajiuliza kama aliyeandika alilewa. Hakulewa. Enzi zile ligi zilikua zinagombania wachezaji kama wapiga debe wanavyogombania abiria stendi, na jamaa walikua wanahama kweli. Mimi nilipoteza jioni nyingi kwenye hayo madude mpaka nikapata utaratibu wangu, huu hapa.

Anza na karatasi na kalamu, chora mstari wa miaka. Andika NL, yani National League, kuanzia 1876 na iende mpaka leo. AA, American Association, 1882 mpaka 1891. UA, Union Association, ni 1884 peke yake. PL, Players' League, ni 1890 peke yake. AL, American League, kuanzia 1901. FL, Federal League, 1914 na 1915. Kabla ya zote kulikua na NA, National Association, ya 1871 mpaka 1875, ila hii ina kesi yake maana kamati ya kumbukumbu ya 1969 ilizipa hadhi ya ligi kubwa hizo nyingine zote na hii ikaachwa nje. Ndo maana jumla ya hiti (mara mchezaji alizopiga mpira akafika besi salama) za Cap Anson, staa wa enzi hizo, haifanani kila mahali, wengine wanahesabu miaka yake ya NA na wengine hawahesabu. Ukikuta tofauti kama hiyo usianze kutafuta nani kadanganya, angalia kwanza wameanzia mwaka gani.

Sasa kabla hujasema mtu "karuka ligi", jiulize swali moja: aliyehama ni yeye au ni timu yake? Hapa ndo watu wengi wanapotea. Pittsburgh walitoka AA wakaingia NL mwaka 1887, klabu nzima. Brooklyn walichukua ubingwa wa AA 1889, wakahamia NL na 1890 wakachukua ubingwa huko pia. Mchezaji wa Brooklyn kwenye rekodi anaonekana kabadili ligi wakati alichofanya ni kurudi kazini kwake kama kawaida. Kwahiyo soma kwanza safu ya timu, halafu ndo uje safu ya ligi, usifanye kinyume.

Mfano mzuri wa kujipima nao ni Lave Cross. Huyu alicheza Philadelphia kwenye ligi nne tofauti. 1889 yuko Athletics ya AA, 1890 anaenda Philadelphia ya PL, 1891 yuko Athletics ya AA tena, kuanzia 1892 yuko Phillies ya NL, halafu baada ya kuzunguka St. Louis, Cleveland na Brooklyn anarudi 1901 kwenye Athletics ya AL. Ukitazama haraka utasema huyo wa 1891 karudi timu yake ya zamani. Wapi! Athletics ya zamani ilishakufa, PL nayo ikafa baada ya msimu mmoja, na klabu ya Philadelphia iliyokua PL ndo ikaingizwa AA ikachukua jina la Athletics. Na Athletics ya 1901 ni klabu nyingine kabisa. Jina la timu zama zile lilikua kama jina la duka, mwenye duka anabadilika lakini kibao kinabaki.

Ukishajua kwamba kweli ni mtu aliyehama, angalia mwaka. Kuhama kwingi kunaangukia miaka ya vita vya ligi kugombania wachezaji, 1884, 1890, 1891, 1901 na 1902, halafu 1914 na 1915. Sababu ni kwamba kuanzia 1879 wenye klabu za NL walikubaliana kila klabu iwe na haki ya kuwabakiza wachezaji watano ambao klabu nyingine haziruhusiwi kuwagusa, baadae idadi ikapanda mpaka ikawa karibu kikosi kizima. Mkataba ukiisha huendi popote, dau wanapanga wao. Mlango pekee wa kutokea ulikua ligi mpya isiyotambua hayo makubaliano. Na PL ya 1890 ilianzishwa na wachezaji wenyewe kupitia chama chao, kiongozi wao John Montgomery Ward, kwahiyo ukikuta nyota wa NL hayupo NL mwaka huo usishangae, mshangae aliyebaki.

Sehemu tamu ni wale waliohama katikati ya msimu. Hapa rekodi inakupa mstari zaidi ya mmoja kwa mwaka mmoja, na lazima uangalie idadi ya mechi kwenye kila mstari. Mchukue King Kelly, staa ambae Boston walimnunua kwa dola 10,000 mwaka 1887, hela ya kutisha enzi hizo. 1889 yuko Boston ya NL. 1890 anavuka kwenda Boston Reds ya PL na wanachukua ubingwa. 1891 ndo kichekesho, anaanza Cincinnati ya AA, mwezi wa nane klabu inakufa, anaenda Boston Reds ambayo sasa na yenyewe iko AA, anacheza mechi 4 tu, halafu anavuka mtaa kurudi Boston ya NL, klabu ile ile aliyoikimbia. Mistari mitatu, ligi mbili, mwaka mmoja. Bila kuangalia hiyo 4 ungedhani alikaa Reds nusu msimu.

Mstari mfupi mwingine wa kuuchunguza ni wa Nap Lajoie. 1901 alitoka Phillies ya NL, ambako kikomo cha mshahara kilikua dola 2,400, akaenda Athletics ya AL mji huohuo. 1902 utaona Athletics mechi 1, halafu Cleveland msimu uliobaki, na zote ni AL. Hapo hakuna kuruka ligi, ni mahakama. Mahakama kuu ya Pennsylvania ilimzuia kuchezea timu nyingine zaidi ya Phillies, ila amri yenyewe ilikua na nguvu ndani ya jimbo tu, basi wakampeleka Cleveland na timu ikienda Philadelphia yeye haendi. Amani kati ya NL na AL ilipatikana mwanzoni mwa 1903.

Usisahau pia kuangalia timu iliyoachwa. Charlie Sweeney alikua mrushaji wa Providence ya NL, Juni 1884 akawatoa wapigaji 19 kwa straiki (mpigaji akipata straiki tatu anatoka) kwenye mechi moja, mwezi uliofuata akaondoka kwenda St. Louis ya UA. Old Hoss Radbourn, mrushaji mwenzake, akabeba mzigo wote, mpaka leo wanabishana kama alishinda mechi 59 au 60 msimu ule. Namba kama hiyo huwezi kuielewa kama hujui nani aliondoka.

Kwenye kulinganisha namba kua mgumu. Fred Dunlap alipiga .412, yani karibu hiti 41 kwenye kila zamu 100 za kupiga, akiwa St. Louis ya UA 1884, klabu yake ikaingia NL mwaka uliofuata akashuka mpaka .270. UA ilikua na timu kama St. Paul iliyocheza mechi 9 na Altoona mechi 25 zikaisha, sasa hizo .412 alikua anampiga nani? Lajoie naye .426 ya 1901 ina mkono wa sheria, mwaka ule NL walianza kuhesabu mipira iliyopigwa ikatoka nje ya mistari kama straiki mbili za kwanza, AL hawakufanya hivyo mpaka 1903, kwahiyo mpigaji wa AL alikua na nafuu. Simvunjii heshima, alikua hatari kokote, ila weka alama pembeni ya hiyo namba.

Kingine kidogo, ukiona American Association kuanzia 1902 na kuendelea, hiyo ni ligi ndogo iliyochukua jina tu, usiiweke kwenye mstari wako. Mimi niliiweka na nikamaliza kurasa mbili kabla sijashtuka.