Somo: Chupa ya dawa kama kitabu cha kwanza cha Kiingereza

Somo hili ni kwa tunaojitolea kuwafundisha Kiingereza wazee na akina mama wa Kikongo waliohamia Marekani, hasa waliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu (Tanzania) au Nakivale (Uganda) bila kuwahi kukaa darasani. Vitabu vingi vya kuanzia vinadhani mwanafunzi tayari anasoma lugha yake. Mpe mama wa miaka hamsini picha ya tufaha na neno "apple": wiki hii atakuja kwa heshima, wiki ijayo atakuambia ana kazi. Mimi huanza na chupa ya dawa. Haikosekani nyumbani, na kuisoma vibaya kunaumiza.

Tafuta chupa tupu, ufute jina la mgonjwa kwa kalamu nyeusi. Usimwombe mwanafunzi alete yake. Dawa ya mtu ni siri yake, na jumuiya zetu huku ni ndogo, habari hazilali.

Hatua ya 1. Zungumzeni kwanza, kwa Kiswahili. Uliza: nyumbani kwenu nani anasoma maelezo ya dawa? Mara nyingi utaambiwa ni mtoto wa darasa la nne. Waache waongee, usiwakatize.

Hatua ya 2. Sikio kabla ya jicho. Sentensi ni moja tu: "Take one tablet by mouth twice a day." Weka maharage mezani. Sema "take one", achukue moja. "Take two", achukue mawili. (Wengine hutumia peremende. Mimi sitaki, kwa sababu watoto wanaokuja na mama zao wanatazama, na hawapaswi kuzoea kuona kidonge kama kitu kitamu.) "By mouth", gusa mdomo. Kwa "twice", chora jua na mwezi. Endelea mpaka waitamke bila kukutazama.

Hatua ya 3. Sasa iandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila. Pitisha kidole chini ya maneno, kushoto kwenda kulia, kisha mwanafunzi apitishe chake. Mtu asiyewahi kusoma huteleza na kidole mbele ya sauti, akafika mwisho wa mstari akiwa bado anasema "mouth". Mrudishe taratibu. Kata sentensi neno kwa neno, changanya, wapange upya. "Twice" ndilo litakalosumbua, kwa hiyo lipe kadi yake yenye jua na mwezi, na "once" kadi yenye jua peke yake.

Hatua ya 4. Herufi zinaingia hapa. Anza na t, iliyomo kwenye take, tablet na twice. Anayesoma Kiswahili atasoma "ta-ke", na kwa kanuni anazozijua yuko sahihi. Mkumbushe alichokisikia na maharage, kisha endeleeni.

Hatua ya 5. Rudini kwenye chupa. Watafute sentensi yao kati ya maandishi madogo, kisha neno "refills" (mara ambazo dawa inaweza kujazwa tena) na tarehe ya mwisho ya matumizi. Wamarekani hutanguliza mwezi: 03/04 ni tarehe 4 Machi.

Hatua ya 6. Saa. Tengea hatua hii muda wa kutosha. Aliyezoea saa za Kitanzania anaona 8:00 kwenye simu na kusema saa mbili. Akisikia miadi ni "two o'clock", anaweza kufika kliniki asubuhi na mapema, akangoja hadi mchana. Chora saa yenye duara mbili, nje tarakimu za simu, ndani saa zetu. Kisha fanyeni "every 8 hours": 6:00 alfajiri, 2:00 mchana, 10:00 usiku, yaani saa kumi na mbili, saa nane na saa nne.

Hatua ya 7. Igizeni simu kwa duka la dawa: "I need a refill, please." Asome namba ya dawa tarakimu moja moja. Waandikie pia 1-800-222-1222, simu ya bure ya kitaifa ya masuala ya sumu, iwapo mtoto amemeza dawa asiyopewa. Akizimia au akishindwa kupumua, ni 911 moja kwa moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, wanafunzi wangu wanataka uraia. Chupa watanivumilia?

Waambie ukweli: kwenye usaili wa uraia mtu husoma kwa sauti sentensi moja kati ya tatu, na huandika moja kati ya tatu. Kazi ni ileile ya karatasi ya manila. Mwenye miaka 50 aliyekaa na green card (kadi ya ukaazi wa kudumu) miaka 20, au mwenye 55 aliyekaa nayo 15, husamehewa Kiingereza na kujibu maswali ya uraia kwa lugha yake. Wengi wetu hatujafikisha miaka hiyo huku.

Nina mama asiyejibu lolote kliniki, mumewe ndiye anayesema kila kitu. Nifanyeje?

Mfundishe "Swahili interpreter, please." Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumpa mkalimani bila malipo; msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mkalimani wa simu akija na Kiswahili cha Mombasa au Nairobi kinachompita, aombe arudie. Kama Kibembe au Kinyamulenge ndicho kinachomtoka vizuri, aseme hivyo mapema, maana wakalimani wake ni wachache na huenda wakahitaji kutafutwa.

Mzee wangu anasoma Biblia ya Kiswahili vizuri, jirani yake hajawahi kushika penseli. Niwatenganishe?

Hadi hatua ya 3 wawe pamoja. Baada ya hapo mpe mzee chupa ya pili yenye maelezo marefu. Usimgeuze msaidizi wako kila siku, naye amekuja kujifunza.

Mwanafunzi ananakili vizuri sana lakini hasomi alichonakili.

Huyo anachora. Mwondolee kazi ya kunakili kwa muda. Mwonyeshe kadi ya "take", aisome, ifiche, aandike kutoka kichwani. Akikosa herufi moja, mwonyeshe tena kadi nzima badala ya kumsahihishia.