Mafua ya mzio: kidonge na maji ya chumvi

Ukiamka ukipiga chafya mfululizo, pua ikitiririka na macho yakiwasha, huenda ni mzio wa vumbi. Setirizini miligramu 10 mara moja kwa siku humtosha mtu mzima. Imeze jioni, maana wengine huwasinzisha. Piriton miligramu 4 nayo inasaidia, lakini usingizi wake ni mzito: usiendeshe bodaboda, usinywe pombe. Usimeze zote mbili pamoja.

Kutoka Ayurveda, tiba ya jadi ya India, tunachokiamini zaidi ni jala neti, yaani kuosha pua. Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, kisha koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi laini katika mililita 250. Inama juu ya sinki, laza kichwa upande, pumua kwa mdomo, mimina polepole kwenye tundu la juu. Yatatokea la chini. Yakichoma, chumvi imezidi au imepungua. Maji ya bomba yasiyochemshwa usitumie kamwe: amiba wanaweza kupanda hadi ubongoni.

Maziwa yenye bizari ya manjano hayana ushahidi mkubwa, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza. Unga wa dawa usio na lebo uache. Baadhi umekutwa na madini ya risasi.

Midomo ikivimba au pumzi ikibana, kimbia hospitali: hapo inahitajika sindano ya adrenalini.