Namna ya kukusanya kumbukumbu za Nakumatt kabla hazijapotea

Ukitafuta habari za Nakumatt, ile supamaketi kubwa ya Kenya iliyofungwa, siku hizi utapata madeni tu. Utasoma kwamba Januari 2018 iliwekwa mikononi mwa msimamizi, kwamba ilidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 30, kwamba Januari 2020 waliokuwa wanaidai walipiga kura ifungwe kabisa na yale matawi ya mwisho yakaenda kwa Naivas, supamaketi nyingine ya Kenya. Yote ni kweli na lazima yaandikwe. Lakini hakuna pahali utasoma vile ilikuwa kuingia pale Jumamosi ya mwisho wa mwezi ukiwa na miaka nane, mamako amekushika mkono, mkate wa moto unanukia kutoka huko nyuma na wewe macho yote yako kwa baiskeli zimepangwa juu. Hiyo iko kwa vichwa vya watu na kwa madroo ya nyumbani, na isipokusanywa sasa itaisha, manake watu wanazeeka na wanahama, halafu simu za zamani zinakufa na picha zake. Hii kazi mtu yeyote anaweza, huhitaji kuwa mwanahistoria. Mimi nimeifanya na familia yangu na majirani na nitakueleza vile inafanywa.

Anza na vitu, si maswali. Ukimwendea mtu ati "niambie kumbukumbu zako za Nakumatt" atakwambia "ilikuwa supamaketi nzuri sana" na mazungumzo yameisha hapo. Lakini mwekee mezani ile Smart Card ya zamani, kadi yao ya pointi yenye ndovu wa nembo yao, uone kama atanyamaza. Kwa hivyo kwanza pekua nyumbani, na usipekue mahali pa maana, pekua ile droo au lile begi ambalo mama anaweka kila karatasi, kadi za kliniki, barua za shule, risiti za stima. Hapo ndio utapata hiyo kadi, karatasi ya waranti ya friji iliyokufa zamani, risiti za TV, pengine hata zile karatasi za ofa za Krismasi.

Sasa kuhusu risiti, hapa uwe makini kweli. Karatasi ya risiti za aina ile haina wino, maandishi yanatokea kwa joto, na ndio maana yanafifia yenyewe hata kama hakuna mtu amegusa. Ukiipata ipige picha siku hiyo hiyo, usingoje wikendi. Iweke karibu na dirisha mchana bila flashi, na kama imefifia sana inamisha kidogo mwanga uipige kutoka upande, halafu kwa simu ongeza giza la picha mpaka herufi zitoke. Usiipeleke saiba ikafanyiwe laminesheni, ile mashine ni ya joto na risiti yote itageuka nyeusi! Wala usiibandike na selotepu, gundi inakula maandishi. Itie kwa bahasha ya karatasi ya kawaida uiweke mahali pakavu pasipo na jua, basi. Risiti moja inakupa tarehe, tawi, saa na bei ya unga, sukari, sabuni na maziwa vyote pamoja, na ukiisomea mtu kwa sauti, kitu kimoja kimoja, atakwambia hiyo wiki nyumbani kulikuwa na nani na kulikuwa na nini.

Mfuko wa plastiki wa Nakumatt ukiupata pia ni mali, kwa sababu mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na mingi ilitupwa ama ikachomwa. Uhifadhi ndani ya nyumba, ukiwa umelala bila kukunjwa, mbali na jua, na usitoke nao nje kubebea vitu.

Picha nazo ni rahisi ukijua kuziwekea tarehe. Nyingi hazina tarehe lakini zina dalili. Mtu amebeba mfuko wa plastiki wenye ndovu? Basi karibu hakika ni kabla ya mwisho wa Agosti 2017. Ni Nakumatt ya Thika Road Mall? Hiyo mall ilifunguliwa 2013 kwa hivyo haiwezi kuwa ya zamani zaidi ya hapo. Ni ile ya Downtown hapo Kimathi Street? Hiyo ni kabla ya mwisho wa Januari 2009, ilipoungua. Mall ya Westgate ilifunguliwa 2007. Ukiunganisha hizi na umri wa mtoto aliye kwenye picha, unafika karibu kabisa na mwaka wenyewe. Na ukiona picha ya jengo usijue lilikuwa tawi gani, angalia nani yuko hapo leo, kwa mfano Mega ya Uhuru Highway na Prestige ya Ngong Road ziko na Naivas, Junction na Thika Road Mall zikaingia supamaketi ya Carrefour. Tembea uende ukapige picha nyingine umesimama pale pale aliposimama yule wa kwanza, zile mbili zikiwekwa pamoja zinaongea kuliko maelezo.

Baada ya hapo ndio uongee na watu. Simu iweke airplane mode ndio mtu asikupigie katikati ya rekodi, zima TV, weka simu mezani katikati yenu juu ya kitambaa si juu ya mbao tupu. Alafu mpe karatasi na kalamu umwambie achore duka. Si lazima ajue kuchora. Mwambie tu mlango ulikuwa wapi, keshia wapi, mboga wapi, vyombo wapi. Nilifanya hivi na shangazi yangu akachora vizuri mpaka akafika kona ya magodoro na hapo kalamu ikasimama, akaanza kunieleza vile binti yake alikuwa anaenda Form One na hakukuwa na pesa ya kutosha, vile walikuja pale kwanza wakaangalia kila kitu kwenye orodha ya shule, sanduku la chuma, blanketi, ndoo, slipa, wakashika, wakasoma bei, wakarudisha, kisha wakapanda matatu mpaka Gikomba wakanunua huko, na kitu kimoja tu ndio walinunua Nakumatt, mkebe wa Milo, kwa sababu mtoto alitaka aonekane ametoka nyumbani na kitu cha Nakumatt. Hiyo stori nisingeipata kwa kuuliza.

Na hapa nisisitize kitu, kwa sababu kumbukumbu nyingi zinazozunguka ni za watu waliokuwa wananunua. Wakenya wengi sana tulienda Nakumatt kuangalia. Tulienda kutembeza wageni wa kutoka ushago, tulienda kungoja mtu, kukimbia mvua, kusoma kadi za birthday moja baada ya nyingine bila kununua hata moja. Matawi mengine yalikuwa wazi masaa 24 na kuna watu wa zamu za usiku walikuwa wanapita saa tisa usiku kununua mkate na maziwa wakielekea nyumbani, na kwao hiyo taa kuwaka ilikuwa na maana kubwa. Kwa hivyo usiulize "mlinunua nini" pekee. Uliza mlishuka stage gani, mlivaa nini siku hiyo, nani alisukuma troli, mtoto alikatazwa kugusa nini, nani aliachwa nje na mizigo. Uliza pia pointi za Smart Card zilitumika kwa nini, manake kuna akina mama waliweka pointi mwaka mzima wakingojea Desemba, na kila mtu anakumbuka alichochukua.

Kama una watu Nakuru usiwaache nje. Nakumatt ilitoka huko kwa biashara ya magodoro, kama vile Tuskys, supamaketi nyingine ambayo pia ilitoka upande wa Nakuru, na wazee wa mji wanaweza kukueleza mambo ambayo hata gazeti halikuandika. Na si Kenya tu. Ilifika Kigali 2008, Kampala 2009, Tanzania ikaingia Moshi na baadaye 2014 ikachukua maduka ya Shoprite kama lile la Mlimani City pale Dar. Watu wa huko wana kumbukumbu tofauti kabisa, kwa wengine lilikuwa duka la Wakenya, na hiyo pia irekodi vile wanavyoisema wao.

Wenye kumbukumbu nyingi kuliko wote ni waliofanya kazi pale, makeshia, wapanga rafu, walinzi, machandaiza waliotumwa na makampuni kupanga bidhaa zao, madereva wa usiku. Hawa wanajua kila kona. Lakini nenda polepole. Wafanyakazi wengi na wasambazaji wengi waliachwa wakidai, rafu zilikuwa tupu miezi mingi kabla milango haijafungwa na wao ndio walikuwa wamesimama pale wakiulizwa na wateja sukari iko wapi. Usimwendee mtu kama huyo na kicheko ati ile ilikuwa raha. Muulize kazi ilikuwaje, muulize siku ya kwanza na wenzake waliokuwa naye, na akitaka kuongea juu ya mshahara basi mwache aongee mpaka amalize, hata kama ulikuja kutafuta kitu kingine. Hiyo ni sehemu ya duka kama zile baiskeli.

Pia kuna kumbukumbu nzito. Moto wa Nakumatt Downtown tarehe 28 Januari 2009 uliua watu zaidi ya 20 katikati ya jiji mchana. Shambulio la magaidi la Westgate lililoanza tarehe 21 Septemba 2013 liliua watu 67, na kuna waliojificha ndani ya Nakumatt masaa mengi wakati ule. Ukikutana na mtu aliyekuwa pale au aliyepoteza mtu wake, zima rekodi kwanza. Muulize kama anataka kuongea, na akisema hapana, hapana yake ikae. Akikubali, mwambie anaweza kukwambia ufute wakati wowote na kama atabadili mawazo baadaye, futa kweli. Usiruke hayo mambo kwenye mkusanyo wako ati kwa sababu unatafuta mazuri, andika tarehe na mahali, uiache kwa heshima.

Ukitaka kuongezea, nenda maktaba ya McMillan pale Banda Street au Kenya National Archives hapo Moi Avenue uulizie magazeti ya zamani. Usitafute habari, tafuta matangazo, zile kurasa nzima za ofa za Desemba na za kurudi shule, kwa sababu zina bei na picha za vitu ambavyo watu wamesahau vilikuwepo. Kwa intaneti, Internet Archive ina kurasa za zamani za matovuti mengi, weka anwani ya tovuti yao ya zamani uone ni miaka gani imebaki.

Kuhifadhi sasa. Usiache chochote kwa WhatsApp peke yake, ile inapunguza ubora wa picha, kwa hivyo waambie ndugu wakutumie kama dokumenti si kama picha ya kawaida. Kila faili ipe jina lenye mwaka, tawi na mtu, kitu kama 2011-prestige-mama-krismasi, kwa sababu ile IMG na namba kumi haitakwambia kitu baada ya miaka mitano. Weka nakala mbili mahali tofauti, moja kwa simu au laptop na moja kwa flashi kwa nyumba ya mtu mwingine. Kabla ya kuweka picha ya mtu mahali pa wazi muulize, hasa kama kuna watoto ndani, na kwa Smart Card na risiti ziba namba na majina.

Mwisho printi kijitabu kidogo, hata kurasa kumi za saiba zinatosha, upeleke kwa mkutano wa familia Desemba na kalamu mbili tatu, manake watu wakiona picha wataanza kukusahihisha hapo hapo, huyu si Wambui ni dadake, hiyo si Mega hiyo ni Lifestyle, na waandike wenyewe pembeni.