Sato dume na jike: jinsi ya kuwatenganisha kwa mkono

Watu wengi wanaofuga samaki huku Ilemela na Magu, mkoani Mwanza, wananiuliza kwanini sato wao (tilapia) wamegoma kukua, chakula wanakula, maji yapo, miezi saba imepita na samaki bado kama kiganja cha mtoto. Mara nyingi jibu ni kwamba bwawani kuna majike. Sato anaanza kutaga bado mdogo kabisa, miezi mitatu au mitano tu, na akishataga anayachukua mayai mdomoni, mamia ya mayai, anakaa nayo humo mpaka yaanguliwe na vifaranga waanze kujitegemea, na muda wote huo hali kitu. Yeye hakui, afu bwawa linajaa vitoto vinavyogombania pumba na dume wako. Ndo maana tunataka madume watupu. Wenye vizimba vya nyavu huko Ziwa Victoria afadhali kidogo, maana yai likitagwa linapita kwenye nyavu na kuzama kabla mama hajaliokota, ila hata huko dume anakua haraka zaidi.

Hatua ya kwanza, subiri saizi. Chini ya gramu 25 utajichosha bure. Mi nafanya kwenye gramu 30 mpaka 50, siku moja kabla siwalishi, na naanza alfajiri kabla jua halijapanda.

Ya pili, andaa mabeseni matatu yenye maji ya bwawa hilohilo, kitambaa kibichi, pamba na rangi ya chakula, hii ya unga wanayoweka kwenye biriani, koroga nzito kidogo. Lowesha mikono. Mkono mkavu unamtoa samaki ule ute wake, na ute ndo ngozi yake ya kujikinga na magonjwa.

Ya tatu, kumshika. Pitisha kiganja toka kichwani kwenda mkiani ili miiba ya mgongoni ilale, ukienda kinyume itakuchoma na inauma kweli. Mgeuze tumbo juu, macho yake yafunike na kitambaa, atatulia.

Ya nne ndo kazi yenyewe, hapa usiwe na haraka. Angalia kati ya tumbo na lile pezi la chini karibu na mkia. Tundu la kwanza upande wa kichwani ni la haja kubwa, wote wanalo. Nyuma yake kuna kinundu kidogo cheupe, sasa kikague hicho. Cha dume kimechongoka, kina tundu moja tu pale kwenye ncha, mkojo na mbegu vinapita hapohapo. Cha jike ni kipana kidogo, na katikati kina mstari umelala kwa upana kama mdomo uliofumbwa, hapo ndo yai linatokea, afu kwenye ncha kuna kitundu cha mkojo kidogo mno huwezi kukiona kwa macho. Kwa hiyo dume matundu mawili, jike matatu. Kama huoni mstari, gusa na pamba yenye rangi kisha futa taratibu, rangi inabaki kwenye ule mstari na jike anajitaja mwenyewe.

Usichague kwa rangi ya mwili jamani. Ni kweli dume akiwa anachimba kiota chake chini anakuwa mwekundu mwekundu kichwani na kifuani, lakini ukimtoa majini kwa hofu rangi inabadilika palepale. Mi mwaka wangu wa kwanza nilichagua mia tano kwa rangi, nikaweka bwawani nikiwa na uhakika, miezi minne baadae nikavuta wavu ukaja na vitoto saizi ya dagaa mpaka nikakaa chini. Na ile mistari ya wima kwenye mkia nayo haikuambii jinsia, inakuambia tu huyu ni sato na sio ngege wa asili wa ziwa letu.

Ya tano, dume beseni la kwanza, jike la pili, na yeyote unayemsitasitia hata kidogo weka la tatu. Usibahatishe, jike mmoja akipita na dume yupo umeshapata familia. Wale wa beseni la tatu warudishe kwenye kibwawa chao peke yao, walishe wiki mbili tatu, kinundu kitakuwa kimekua, washike tena.