Nani anaona ulipo? Kagua simu yako kuanzia kwa watu

Wateja wanaopanda ngazi hadi kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu hapa Luthuli Avenue, Nairobi, wakihofia kufuatiliwa huja na wazo moja: kwamba kuna mdukuzi mahali fulani aliyeingia kwenye simu yao kwa njia za ajabu. Huwa nawasikiliza mpaka wamalize, kisha nauliza. Nani mwingine anajua neno la siri la simu hii? Nani alikufungulia akaunti ya Google ulipoinunua? Mara nyingi jibu linapatikana hapo. Kwa kazi ninayoiona mimi, anayekufuatilia ni mtu aliyewahi kuishika simu yako ikiwa wazi, hata kwa dakika mbili ulipoingia kuoga.

Ndiyo maana nitaanza na watu, niende kwa programu, kisha mtandao. Wengi hufanya kinyume. Wanazima alama ya mahali pale juu ya kioo, wanatulia, halafu jioni wanaiwasha ili waite teksi na kila kitu kinaendelea kama kilivyokuwa. Simu nyingi Nairobi zimewekwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nitataja vitufe kama utakavyoviona.

Kabla hujazima chochote

Mtu anayekufuatilia akigundua kwamba haoni tena ulipo, atafanya nini? Kama ni mtu aliyewahi kukupiga au kukutishia, usizime kitu leo. Ramani ikikatika ghafla, yeye anajua umeshtuka, na wakati huo ndio wa hatari. Tafuta kwanza simu nyingine, ya dada au ya rafiki ambaye mtu huyo hamjui, upige 1195. Hiyo ni laini ya taifa ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia, na haikatwi salio. Panga kwanza utalala wapi na watoto watakuwa kwa nani. Simu inayokufuatilia unaweza kuiacha nyumbani ukiwa unaenda kuongea na mtu muhimu. Nimewahi kuwarudishia wateja simu vilevile ilivyokuja, bila kugusa kitu, kwa sababu tulikubaliana kwamba siku yenyewe haijafika. Tangu wanawake walipojaa barabarani Januari 2024 kupinga mauaji ya wenzetu, sichukulii hofu ya mteja yeyote kama jambo dogo.

Pia, achana na zile namba zinazosambazwa kwenye WhatsApp, kwamba ukibonyeza *#21# utajua kama unafuatiliwa. Namba hiyo huonyesha kama simu unazopigiwa zinaelekezwa kwa namba nyingine, basi. Haijui lolote kuhusu mahali ulipo. Mtu akiona majibu yake anaweza kuogopa bure au kutulia bure, na kutulia bure ndiko kubaya zaidi.

Watu

Anza na neno la siri la kufungulia simu. Badilisha, na usitumie mwaka wako wa kuzaliwa wala wa mtoto. Kisha ingia kwenye mipangilio ya usalama uangalie alama za vidole zilizosajiliwa. Kama wewe ulisajili kidole gumba kimoja na unaona vidole vitatu, futa vyote usajili upya.

Halafu akaunti ya Google, na hapa nitakaa kidogo. Ukinunua simu mjini, muuzaji hukuuliza, "Nikufungulie akaunti?" Unakubali kwa sababu una haraka ya kurudi kazini. Anaifungua kwa neno la siri alilolitunga yeye, na pengine kwa namba yake ya simu kama ya kurejeshea. Au mpenzi wako amekununulia simu akakuletea ikiwa imeshawekwa tayari. Yeyote mwenye neno hilo la siri anaweza kukaa kwenye kompyuta yoyote, akafungua huduma ya Google ya kutafuta simu iliyopotea, ambayo sasa inaitwa Find Hub, na kuona simu yako kwenye ramani. Hahitaji kukuwekea chochote. Kwa hiyo ingia kwenye akaunti yako, nenda "Security", angalia orodha ya vifaa vilivyoingia, na ukiona usichokitambua kiondoe. Badilisha neno la siri, angalia namba na barua pepe ya kurejeshea, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, ili neno la siri peke yake lisitoshe kuingia. Kama akaunti ilifunguliwa na mtu mwingine, fungua yako mwenyewe na uhamie huko polepole, ukianza na namba za watu.

Kwenye iPhone kazi ni ileile ila ni akaunti ya Apple. Kuanzia iOS 16 ya mwaka 2022 kuna sehemu inaitwa "Safety Check" ndani ya mipangilio ya faragha. Inakuonyesha mahali pamoja watu wote na programu zote unazoshiriki nazo habari, na unaweza kukata moja moja au zote kwa mpigo. Ni kitu kizuri sana.

Sasa kushirikishana mahali. Mteja mmoja, muuguzi anayeishi Umoja, alinijia kwa sababu mume waliyeachana naye alikuwa akimtumia ujumbe kila anaposhuka kwenye matatu: "Leo umeshukia mbele ya steji yako, kwa nini?" Alikuwa ameshabadilisha laini. Alikuwa ameshafuta programu nyingi. Nilifungua Google Maps, nikagusa picha yake ya duara pale juu kulia, nikaingia "Location sharing". Jina la yule bwana lilikuwa hapo, na chini yake maneno yanayosema kwamba ushirikishaji unaendelea mpaka uzimwe. Ulikuwa umewashwa walipokuwa bado wanaishi pamoja, na ulifuata akaunti, haukufuata laini. Yule dada alitazama kioo, akaniuliza kama anaweza kuketi. Tulizungumza kwanza kuhusu usalama wake, tukapiga picha ya ukurasa huo kama ushahidi, na ndipo tukazima.

Kwa hiyo fungua hapo leo. Kisha nenda WhatsApp, "Settings", "Privacy", "Live location". Huko mahali unaposhirikisha hukatika baada ya dakika 15, saa 1 au saa 8, kwa hiyo haiwezi kusahaulika kwa miezi, lakini mtu mwenye simu yako usiku anaweza kuiwasha kila siku. Ukiwa humo angalia pia "Linked devices": kama kuna kompyuta isiyokuwa yako, mtu anasoma ujumbe wako, na anayesoma "nimefika Githurai" hahitaji ramani. Kwenye Snapchat washa "Ghost Mode". Kwenye Uber angalia majina uliyoyaweka kama watu wa kuaminika, maana wengine mliachana nao zamani.

Na watu mnaopendana? Sipingi mama kutaka kujua binti yake amefika hosteli salama usiku. Tumia ya saa 1, mkubaliane, ikatike. Ninachokataa ni kuona mtu mzima akifuatiliwa saa 24 na kuambiwa kwamba huo ndio upendo.

Programu

Setilaiti za GPS ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu na hazijui kama upo. Zinatangaza tu, kama redio. Simu hupokea mawimbi ya angalau setilaiti 4 na kujipigia hesabu yenyewe. Ukiwa ndani ya jengo, simu husaidiwa pia na Wi-Fi za maduka ya jirani na milingoti ya simu. Hatari huanza pale programu inapoichukua hesabu hiyo na kuituma kwingine kwa bando lako.

Nenda "Settings", "Location", kisha sehemu ya ruhusa za programu. Orodha imegawanywa: zilizoruhusiwa wakati wote, zilizoruhusiwa unapozitumia tu, na zilizokatazwa. Tazama zile za wakati wote. Mgao huu ulikuja na Android 10 mwaka 2019. Simu za zamani kuliko hapo hazina. Mwaka uliofuata, Android 11 ikaleta ruhusa ya mara moja tu. Kuanzia Android 12 unaweza pia kuzima "Precise", ili programu ijue eneo kwa makadirio na isijue mlango wako. Ya hali ya hewa haihitaji zaidi ya hapo: mvua ikinyesha Kasarani inanyesha kwa wote. Teksi na ramani wape mahali kamili, lakini unapozitumia tu. Tochi, kibodi, michezo, programu ya kupamba picha: hakuna hata moja yenye sababu ya kujua ulipo. Simu yako ikiwa na Android 12 au zaidi, fungua "Privacy dashboard" uone nani amechungulia katika saa 24 zilizopita. Nimeona wateja wakibadilika sura hapo.

Programu za mikopo nazitaja peke yake kwa sababu zimewaumiza Wakenya wengi. Tangu 31 Mei 2023, sheria za duka la Google haziruhusu programu za mikopo ya binafsi kusoma majina kwenye simu yako, picha zako, wala mahali kamili ulipo. Kwa hiyo ukitumiwa kiungo cha kupakua programu ya mkopo nje ya duka, na ikakuomba vitu hivyo, elewa kwa nini haiko dukani. Usiiweke, hata kama kodi ya nyumba inadaiwa kesho.

Google yenyewe pia inaweka kumbukumbu za mahali ulikopita. Kwenye akaunti yako, sehemu ya "Data & privacy", kuna "Timeline", na kuna "Web & App Activity". Watu huzima ya kwanza wakafikiri wamemaliza. Jambo hilohilo ndilo lililofanya majimbo 40 ya Marekani kuibana Google, na Novemba 2022 ikakubali kulipa dola milioni 391.5. Zima zote mbili, au weka zijifute kila baada ya miezi 3. Kisha kwenye mipangilio ya matangazo futa kitambulisho cha matangazo, kile kinachosaidia kampuni kuunganisha safari zako na wewe.

Kuhusu programu za kijasusi zenyewe: zipo, ila kwa kawaida lazima mtu aishike simu ndipo aziweke. Hujificha kwa majina yanayofanana na ya mfumo. Angalia sehemu nne: "Accessibility", orodha ya wasimamizi wa kifaa, "Install unknown apps", na Play Protect, kikaguzi cha Google cha programu hatari, ndani ya Play Store. Ukikuta Play Protect imezimwa na hukuizima wewe, jiulize nani. Simu kupata joto au chaji kuisha haraka si ushahidi, kwa sababu betri ya miaka mitatu hufanya hivyo bila jasusi yeyote. Ukithibitisha kuna kitu, rudisha simu katika hali ya kiwandani na usirejeshe programu zote kutoka kwenye hifadhi ya zamani. Weka upya moja moja.

Usisahau mkoba na gari. Vijikebe vya kufuatilia vitu, kama AirTag iliyotoka 2021, hutoshea chini ya kiti. Tangu Mei 2024 iPhone na Android zote hutoa onyo kijikebe kigeni kikitembea nawe. Hakikisha kwenye Android, sehemu ya "Safety & emergency", onyo hilo limewashwa.

Mtandao, na sheria

Laini ikiwa hewani, kampuni ya simu inajua uko karibu na mlingoti upi. Hata kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, hujulikana ilipo, na laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Hakuna kitufe cha kuzima hilo isipokuwa kuweka simu katika hali ya ndege au kuizima kabisa.

Lakini una haki. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja mahali ulipo miongoni mwa vitu vinavyoweza kukutambulisha. Kampuni ikitumia habari hizo vibaya, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria inaipa siku 90 kuyashughulikia. Mtu binafsi aliyeingia kwenye akaunti yako bila ruhusa ana kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018. Ndiyo maana nasisitiza picha za ushahidi, zenye tarehe, zitumwe kwa mtu unayemwamini kabla hujafuta kitu.

Na sisi mafundi tusiachwe nje. Ukituletea simu kubadilishwa kioo, hatuhitaji neno lako la siri kwa kazi hiyo. Toa laini na kadi ya kumbukumbu uondoke nazo. Samsung nyingi mpya zina "Maintenance mode" inayofunga picha na ujumbe wako wakati wa matengenezo. Iwashe kabla ya kunikabidhi. Kama ni lazima niijaribu simu ikiwa wazi, simama hapo nikiifungua, na ukifika nyumbani rudia orodha ya vifaa kwenye akaunti yako.