Bomba kwanza, rangi baadaye: mwongozo kwa gari la spoti la kujiundia

Gari lililoundwa uani, bodi ya fibaglasi juu ya chesisi ya mabomba ya mraba, lina maradhi yake. Rangi ikipasuka, kwa kawaida chanzo kiko chini ya rangi, na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani ni ekzosi: ama joto lake, ama mtikisiko wake. Ukipiga rangi kabla bomba la ekzosi halijakaa sawa, utaipiga tena.

Anza kwa kuzisoma nyufa. Ufa wenye umbo la nyota ni wa kugongwa, tena mara nyingi kutoka ndani: tairi limerusha jiwe chini ya tao la gurudumu. Kwa barabara za changarawe za vilima vya Mwanza hilo ni jambo la kila siku, na dawa yake ni kuongeza tabaka la mati (mkeka wa fibaglasi) upande wa ndani wa tao au kufunga kinga ya plastiki. Nyufa zinazokwenda sambamba zinaonyesha bodi inapinda. Kagua boliti zilizokazwa bila washa pana, na hakikisha sailensa haikuning'inizwa kwenye bodi. Malengelenge juu ya bomba la pembeni ni joto. Rezini ya kawaida ya poliesta, ile gundi inayoshika fibaglasi, huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hadi 80 hivi, kwa hiyo acha pengo la mm 50 kati ya bomba na bodi, na katikati weka bati la aluminiamu lenye nafasi ya hewa pande zote mbili.

Sasa mlio. Kabla ya kubadilisha chochote, tafuta mivujo. Injini ikiwa baridi, iwashe, paka maji ya sabuni kwenye viungo na gasketi, kisha mwenzako azibe mdomo wa bomba kidogo kwa tambara nene. Povu litakuonyesha. Mvujo ulio mbele ya sensa ya oksijeni huvuta hewa ya nje kati ya mipigo ya gesi. Kompyuta inadhani mafuta ni machache, inaongeza. Matokeo yake ni milipuko ukiachia mafuta, ambayo wengine huisifia, na plagi nyeusi, ambazo hakuna anayezisifia.

Kwa injini ya silinda nne ya lita 1.6, bomba la inchi 2 linatosha. La inchi 2.5 huongeza makelele, nguvu haionekani. Ukitaka mlio mzito usiokwaruza, tumia sailensa ndefu ya bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya kioo. Zungusha kwanza tabaka moja la sufi ya chuma kisichoshika kutu, ndipo ujaze nyuzi za kioo ndefu, gramu 100 hadi 120 kwa kila lita ya nafasi. Mfano: sailensa yenye kipenyo cha ndani cha mm 127, bomba la mm 50, urefu mm 400, ina nafasi ya lita 4.3, weka gramu 430 hadi 510. Ukijaza kidogo, gesi huitafuna pamba na kuitoa nje kipande kipande. Ukishindilia kupita kiasi, sauti haipenyi na sailensa inakuwa bomba tupu. Pamba ya dari usiiguse: gundi yake inaungua na nyuzi fupi zinapeperuka. Toboa tundu la mm 3 sehemu ya chini kabisa ili maji yatoke, hasa kama safari zako ni fupi za mjini.

Kinachowachosha wengi ni mvumo, ule unaojaa kichwani kwenye mwendo mmoja tu. Huo unapimika. Injini ya silinda nne hupiga mara mbili kila mzunguko, hivyo kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika ni mipigo 100 kwa sekunde, yaani hezi 100. Ili kuuzima, unganisha kwenye ekzosi bomba la kando kwa umbo la T, kipenyo kilekile, mwisho wake umezibwa, urefu wake ukiwa robo ya wimbi. Ndani ya gesi yenye nyuzi 250 hadi 300, sauti husafiri mita 460 hadi 480 kwa sekunde. Gawa kwa 4, kisha kwa 100, unapata mita 1.15 hadi 1.2. Kata mita 1.25, tumia kifuniko cha kuteleza, punguza sentimita mbili mbili huku ukiendesha. Kadiri unavyoliweka nyuma, gesi imepoa na bomba linahitaji kuwa fupi zaidi. Programu ya simu ya kupima sauti inafaa kulinganisha tu: simama nusu mita kutoka mdomo wa bomba, pembe ya nyuzi 45, mizunguko ileile kila mara.

Yote hayo yafanyike kwa kuchomelea nukta tatu tatu tu. Ukiridhika, choma mzima, funga kwa rababa, na uache mm 20 kila mahali bomba linapoweza kugusa. Endesha wiki moja hivi. Nyufa mpya zisipotokea, ingia kwenye bodi.

Chimba ufa kwa umbo la V mpaka uishe, kisha sugua mteremko mpana mara 12 ya unene: gamba la mm 3, mteremko wa mm 36 kila upande. Mati ya gramu 300 kwa mita ya mraba na rezini hupatikana kwa mafundi wa boti za fibaglasi. Uzito wa rezini uwe mara mbili hadi mbili na nusu ya mati. Kwa joto la mchana la hapa, hadina (kigumisho) ya MEKP asilimia 1 inatosha. Chini ya hapo haikauki kabisa. Kama rezini yako inahitaji pia kiongeza kasi cha kobalti, kichanganye na rezini kwanza. Kobalti na MEKP zikikutana zenyewe hulipuka.

Puti ichanganywe na hadina asilimia 2. Kuzidisha ili iwahi kukauka ndiko kunakoleta doa linalopanda kwenye rangi mpya. Msasa P80, P180, P320, kisha praima, kisha P800 wa maji.

Jua rangi ya zamani ni ipi: sugua kwa kitambaa chenye thina. Ikitoka, ni nitro, rangi ya zamani inayokauka bila hadina. Usipige rangi ya hadina juu yake bila kuiondoa au kuifunga kwa praima, la sivyo inakunjamana. Rangi za hadina zina isosianati, na barakoa ya vumbi haizuii. Tumia ya mvuke, yenye vichujio vya A2 (mvuke) pamoja na P3 (chembe).

Piga kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umande umeshakauka na upepo wa ziwani haujaanza. Ukiwa Kirumba au Capri Point, kando ya ziwa, mchana ni kuokota taka. Usiku na taa ni vibaya zaidi: wadudu wa ziwani hufuata mwanga. Nozeli ya mm 1.4, umbali wa sentimita 15 hadi 20, klia (tabaka angavu la juu ya rangi) mikono miwili, dakika 10 katikati, na klia ifunike paneli nzima, isiishie katikati. Mdudu akitua kwenye klia, mwache. Kesho yake P2000 wa maji na kompaundi humtoa. Kidole sasa hivi huacha shimo. Nta isubiri mwezi.